Uji wa Asali Kando ya Kitanda

Kama unasoma haya ukiwa wodini, mguu umefungwa bendeji na hujui utaondoka nao wote, nisikilize mimi niliyekutangulia. Sitakueleza sukari hufanya nini mwilini, hayo waulize waliosomea. Mimi ni fundi cherehani wa Kanyakine, nashona sare za shule, na ninachokijua ni kile nilichokiona nikiwa nimelala chali kwa wiki tano. Nitakueleza pia uongo niliousema, maana bila uongo huo hadithi yangu ingekuwa fupi.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Jioni moja nilivua kiatu cha kulia nikakuta soksi imelowa damu. Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimezama chini ya kidole kidogo, na nilikuwa nimekanyaga pedeli nacho kutwa nzima bila kusikia chochote. Nilicheka. Nilimwambia mume wangu, Murithi, kwamba nimekuwa na ngozi ngumu kuliko ya ng'ombe. Yeye hakucheka. Miaka mitatu kabla ya hapo niliambiwa nina ugonjwa wa sukari, nikapewa tembe, nikawa nazinywa siku ninazokumbuka.

Baada ya wiki mbili mguu ulikuwa umefura, kidole kimekuwa cheusi, na wateja walikuwa wakipimwa huku wamegeuza uso pembeni. Sikuwauliza kwa nini. Nilikuwa nasikia harufu hiyo mwenyewe. Murithi alifunga kibanda kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni mwake, akanipeleka hospitali mjini Meru.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa. Fundi huona nguo kabla ya kumwona mtu, kwa hiyo nilikaa pale nikihesabu makosa ya mishono. Niliona koti jeupe lenye kola iliyokatwa upogo na sare ya buluu iliyokosa kifungo. Akilini mwangu nikapanga watu kwa vitambaa vyao: koti refu jeupe ni daktari, na daktari ndiye wa kuambiwa mambo. Wengine wote ni wa kupita.

Mpango huo uliniaibisha mapema. Siku ya pili wodini alikuja kijana mrefu, koti limepigwa pasi vizuri, akaketi kando yangu kwa upole. Nikamwaga yote: ganzi ya miguu, kiu, macho kuingia ukungu, hata mambo ya chumbani ambayo Murithi mwenyewe sikuwahi kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pole sana, Mama. Mimi ni wa maabara, nimekuja tu kutoa damu. Lakini hayo yote mwambie Sista."

Sikumwambia Sista. Sista Gakii alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na upindo wa gauni lake ulikuwa umeshikizwa na pini. Nilijiambia mtu asiyejishonea upindo atanisaidia nini. Leo najua hakuwa na dakika ya kuushona. Alikuwa na vitanda vya wodi nzima, na kila asubuhi alikuwa akinisafisha kidonda kwa mikono miepesi huku akinihadithia vituko vya ng'ombe wake, ili nisiangalie chini.

Siku ya tatu alikuja daktari wa upasuaji na kundi lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliufungua mguu, akaubonyeza, kisha akatoa kalamu.

"Mama, tukibahatika tunatoa vidole," akasema. Akasogeza kalamu hadi chini ya goti. "Tusipobahatika, tunakata hapa. Sukari ikikaa juu hivi, nyama haiponi, na uozo unapanda."

"Mimi hukanyaga cherehani kwa mguu huu, daktari."

"Ndiyo maana nakwambia."

Waliondoka kwenda kitanda cha pili. Nilibaki nikiangalia pale kalamu ilipogusa. Ilikuwa imeacha alama ndogo ya wino, na niliogopa kuifuta.

Mchana huo alikuja msichana aliyevaa sweta ya kijani ya kufumwa, na daftari mkononi. Alisema jina lake ni Karimi, mtaalamu wa lishe. Akaniuliza nilikuwa nakula nini nyumbani, nikamjibu kwa mkato. Akaniambia chakula chochote kitakachotoka nyumbani nimwonyeshe kabla sijala. Nikaitikia. Kwangu mimi alikuwa msichana wa sweta anayesumbua watu kuhusu viazi.

Sasa lazima nikueleze kuhusu mama mkwe wangu, ninayemwita Cucu, yaani nyanya, kama wanavyomwita wanangu.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mimi mtoto wangu wa kwanza ni mvulana, Mwenda, na jina lake halikuwa na shida. Alipofuata binti, mama yangu mzazi alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu. Nilikuwa na uchungu wa kuzaa na uchungu wa msiba kwa pamoja, na nilipoulizwa jina nilisema Nkatha, jina la mama yangu. Cucu alimweka mtoto kitandani, akachukua leso yake, akatoka. Kwa miaka tisa hakukanyaga nyumbani kwangu wala hakuwahi kulitamka jina lile. Tukikutana kanisani aliuliza, "Yule mtoto hajambo?"

Siku ya nne wodini, saa ya wageni, niliinua macho nikamwona Cucu amesimama miguuni pa kitanda, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Alikuwa amehamia kwa binti yake kule Kaaga ili awe karibu.

"Muga, Mama Mwenda," akanisalimu.

Alitoa chupa ya chai kubwa, akanimiminia uji kikombe tele. Ulikuwa ucuru, uji wetu wa mtama na wimbi uliochachushwa, mzito, na ndani yake asali nyingi sana.

"Kunywa. Umebaki mifupa."

Nilijua. Nataka uelewe hapo, usije ukasema nilikuwa mjinga. Ulimi ulipogusa tu nilijua. Lakini aliyekuwa ameshika kikombe kile ni mwanamke aliyeninyima mkono wake miaka tisa, na sasa mkono huo ulikuwa umenyooshwa kwangu. Ningesema nini? Kwetu kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana, na mimi tayari nilikuwa na tusi moja lisilolipika. Nikanywa chote. Akamimina kingine.

"Asali si sukari," akasema, kana kwamba amenisoma. "Nyuki hana duka. Asali ni dawa."

Alikuja kila siku saa nne na saa kumi, na alikuwa akiniachia chupa nimalizie. Niliificha kwenye kabati la kando ya kitanda, nyuma ya leso. Sahani ya hospitali, ugali na sukumawiki na maharagwe, nilikuwa nampa jirani yangu wa kitanda cha kushoto, Mama Kendi, aliyevunjika nyonga na mwenye hamu ya kula ya watu watatu. Sista Gakii alikuwa akipita na kuuliza, "Mama Mwenda, umekula?" Nami nikawa nasema, "Nimekula, Sista." Mama Kendi alikuwa anatazama dari na kutafuna.

Sukari ikapanda. Walikuwa wanatoboa kidole changu asubuhi, mchana na jioni, na kila mara Sista Gakii alikiangalia kipimo kwa muda kidogo zaidi.

"Kwani hii sugar yako inaenda wapi?" aliniuliza siku moja. "Insulini tumeongeza mara mbili na bado inapanda tu. Kuna kitu unakula?"

"Kile mnanipatia tu."

Aliandika kwenye chati. Tabibu mmoja kijana wa wodi alisoma alichoandika akaongeza dozi. Mfamasia, mama mmoja mwenye miwani ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, alikuja mwenyewe hadi kitandani kuuliza kama insulini ilikaa mahali pa joto, maana haikuwa ikifanya kazi. Nikamtazama akiitazama chupa ya dawa kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta kosa ambalo lilikuwa kabatini hatua mbili kutoka alipokuwa. Nilijisikia vibaya kweli. Nikanyamaza.

Darasa la tano nilifundishwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliiandikia insha, mwalimu akanipigia makofi mbele ya darasa.

Mtu mmoja tu aliona. Mama Zuhura alikuwa mfagiaji wa wodi, Mwislamu wa mjini, mwenye sare ya buluu isiyo na kifungo cha tatu, yule yule niliyemwona siku ya kwanza. Alikuwa akipiga deki chini ya kitanda changu akasimama, akaegemea mti wa deki.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "sisimizi hawafuati kitanda cha mtu bure."

Niliangalia. Mstari wao ulitoka ukutani, ukapanda mguu wa kabati, ukaingia.

"Wewe piga deki," nikamwambia. "Mambo ya wodi yana wenyewe."

Alifuta sisimizi, akaenda zake. Katika yote niliyoyafanya kipindi kile, neno hilo ndilo linaloniamsha hadi leo.

Siku ya kumi na mbili daktari wa upasuaji alikuja bila kundi. Aliketi, na daktari akiketi ujue. Alisema uozo umepanda na sukari imekataa, na Alhamisi angekata chini ya goti. Alituachia fomu ya idhini, mimi na Murithi. Murithi aliisoma mara tatu.

"Saini," nikamwambia.

"Mguu ni wako."

"Na cherehani ni ya nani?"

Akaikunja fomu akaitia mfukoni, mle mle mlimokuwa ufunguo wa kibanda, akatoka nje akasimama barazani akiangalia mvua. Siku mbili zilibaki.

Kesho yake, Jumatano, Cucu hakuja. Jirani yao Kanyakine alikuwa anazikwa, na simu yake ilikuwa imezima. Mimi sikujua. Mchana sahani ilipofika, Sista Gakii alikuja na sindano, akauliza kama kawaida, "Chakula ndicho hicho, utakula sasa hivi?" Nikasema ndiyo. Akanidunga dozi kubwa, ile iliyopangwa kwa mtu ambaye sukari yake imegoma. Alipogeuka nikamsukumia Mama Kendi sahani, nikakaa kuungoja uji.

Kilichofuata ninakijua kwa kuhadithiwa. Ninachokumbuka mimi ni jasho. Leso ililowa. Mikono ikaanza kucheza yenyewe, halafu nikawa kibandani kwangu, na mbele yangu msichana wa shule ananikimbia kila nikitaka kumpima. Wanasema nilikuwa nimenyoosha mikono hewani nikisema, "Simama wima, kifua thelathini na mbili, simama wima." Mama Kendi alidhani naomba. Ni Mama Zuhura aliyekuwa anapita na ndoo, akaniangalia mara moja, akaiachia ndoo chini.

"Sista! Sista! Huyu anaenda!"

Nilirudi polepole. Kwanza sauti, halafu uso wa Sista Gakii karibu sana na wangu, nywele zimemtoka kwenye kofia. Alikuwa amenipata mshipa, na mtu alikuwa ameshikilia juu chupa ya maji ya glukosi. Maji ya deki yalikuwa sakafuni kote. Mama Zuhura alikuwa amepiga magoti ndani yake, ameushika mkono wangu usitikisike sindano ikatoka.

"Jina lako nani?" Sista aliniuliza.

"Kathure."

"Umekula leo, Kathure?"

Alikuwa hajawahi kuniita jina langu. Nililia. Nikamwambia, "Kabatini. Nyuma ya leso."

Karimi alikuja akikimbia. Alifungua chupa, akanusa, akachovya kidole akaonja, kisha akaketi kitandani pangu. Nilingoja anitukane. Aliuliza tu, "Siku ngapi?"

"Tisa."

Alifungua daftari akahesabu nyuma kwa kidole. Halafu akainuka akatoka kwa mbio, na nikamsikia kwenye korido akimwita daktari wa upasuaji kwa jina, kama mtu anayeita mtoto aondoke barabarani.

Walirudi wote. Daktari alikuwa amekasirika hadi midomo imekuwa myembamba.

"Siku tisa! Natibu mtu, kumbe yeye anavuruga vipimo vyangu!"

"Daktari," akasema Karimi, yule msichana wa sweta, "sukari yake haijagoma. Ilikuwa inalishwa. Nipe siku nne."

"Uozo haungoji siku nne."

"Basi tatu."

Daktari alimwangalia Sista Gakii. Sista akasema kidonda atakisafisha mara mbili kwa siku mwenyewe, na chakula atasimama akikitazama kikiingia mdomoni. Mfamasia aliitwa, wakabadilisha dawa za kuua vijidudu na wakapunguza insulini. Daktari aliufungua tena mguu, akaubonyeza muda mrefu.

"Tatu. Ukipanda juu ya kifundo kabla ya hapo, sitauliza mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa walikuwa wangapi walioushika mguu wangu. Nilikuwa nimemngoja mmoja, mwenye koti.

Cucu alirudi kesho yake na chupa nyingine. Nilimwona mlangoni nikafunga macho kwa woga. Karimi alimwahi. Alimpokea kikapu kwa mikono miwili, akampa kiti, akamwomba amfundishe jinsi anavyouchachusha ucuru wake, maana wake huwa unaharibika. Wakaongea Kimeru cha wanawake wa jikoni kwa muda mrefu. Mwisho Karimi akauliza kuhusu asali, na akamwonyesha ile chati. Cucu hajui kusoma, kwa hiyo Karimi alimchorea mstari: hapa siku ulipokuja, hapa siku ulipoenda mazishini. Mstari ulipanda kama ngazi, kisha ukaanguka.

Cucu aliutazama. Akachukua kikapu chake, akainuka, akatoka bila kuniaga.

Ilikuwa kama ile siku ya jina. Nilimwambia Sista Gakii kwamba sasa nimempoteza mara ya pili, na safari hii hatarudi. Sista alisema, "Kula kwanza." Akasimama hapo nikala ugali na sukumawiki hadi tonge la mwisho, machozi yakiingia kwenye sahani. Mama Kendi alinitazama kwa huzuni ya kweli.

Siku ya kwanza sukari ilishuka kidogo. Siku ya pili ilishuka zaidi, lakini wekundu ulisogea, ukafika chini kidogo ya kifundo, na Sista akauzungushia mstari wa kalamu ili tuone kama utauvuka. Nililala nikiuangalia mstari ule. Asubuhi ya siku ya tatu alifungua bendeji, akaita, "Daktari!" Nikadhani ndiyo basi. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma upana wa vidole viwili.

Nilipoteza kidole kidogo na kile kinachofuata. Fomu mpya Murithi aliisaini bila kuisoma. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mikononi mwa mwalimu wa mazoezi, mwanamume wa Embu asiye na huruma, aliyenitembeza na magongo korido nzima akisema, "Bado, Mama, bado, maumivu si ruhusa." Kabla sijaruhusiwa nilimwomba Mama Zuhura aniachie sare yake kwa saa moja. Nilimshonea kifungo cha tatu na kuimarisha vingine vyote. Nilimwomba pia msamaha. Akasema, "Mimi nilishasahau," lakini najua hakuna anayesahau neno kama lile.

Wewe unayesoma, wakikuuliza umekula nini, sema. Mwambie anayefagia, mwambie wa maabara, watapelekeana habari.

Maharagwe yalikuwa yanapigwa uani niliporudi kibandani. Nimejifunza kukanyaga pedeli kwa kisigino na vidole vitatu, na mshono wangu umekuwa wa polepole lakini umenyooka. Siku ya pili mlango ulizibwa na kivuli. Alikuwa Cucu, na kikapu.

Alimimina uji nusu kikombe, akaukagua kwa jicho, akapunguza kidogo. Nikaonja. Ulikuwa mchachu mtupu. Alingoja nimeze.

"Mama Mwenda," akasema, "ni uji wangu uliokukata vidole?"

Aliuangalia mguu wangu waziwazi, hakujificha. Nami nikaona nisijifiche.

"Uji ulikuwa sehemu yake, Cucu. Lakini wewe ulileta kile ulichokijua. Mimi niliulizwa kila siku, na nilikuwa najua, nikadanganya. Niliogopa ukienda hutarudi."

Alikizungusha kifuniko cha chupa. Nje watoto walikuwa wanatoka shule, binti yangu akiwa kati yao. Kisha akajifunga leso, akachungulia barabarani.

"Mtume Nkatha kwangu Jumamosi," akasema. "Nimfundishe kupika ucuru usio na asali."

Kisha akaondoka, na mimi nikabaki na kikombe mkononi, nikimsikia akilirudia jina lile barabarani, akimwita.